Msanii aliyekwama, sauti zisizojulikana zatokea wapi, na deni ambalo halipi yeye: tuijadili The Devil's Candy na ndugu zake

#1 (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna aina moja ya filamu za kutisha ambayo sichoki nayo: ile ya msanii aliyekwama. Mchoraji hauzi, kodi ya pango imelala, mke ameanza kukaa kimya mezani, halafu ghafla mkono unaanza kwenda wenyewe na kazi inatoka ya ajabu. Kisha watu wanaanza kufa. Nyingi ya filamu hizi zimetengenezwa kwa pesa za mawazo, na nahisi ndiyo maana zinachoma kuliko za studio kubwa. Aliyezitengeneza naye alikuwa anahesabu senti.

Leo nataka tuanze na The Devil's Candy ya Sean Byrne, mwongozaji kutoka Australia. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2015, na ni fupi, haifiki saa moja na nusu. Nitasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo asiyependa kumaliziwa uhondo aruke uzi huu.

Jesse Hellman (Ethan Embry) ni mchoraji wa Texas, nywele ndefu, mwili una michoro ya wino, muziki wake ni hevi metali tu. Ana mke, Astrid, na binti, Zooey, ambaye amerithi masikio ya baba yake. Wananunua nyumba nje ya mji kwa bei ya kutia shaka, maana wazee waliokuwa wakiishi humo walifia humo humo na dalali inabidi awaambie. Asichowaambia ni habari ya mtoto wa wale wazee, Ray Smilie. Sisi tulishamwona dakika za mwanzo kabisa: jitu la mwili mkubwa, usiku wa manane, linapiga gitaa la umeme kwa sauti ya juu mno. Hapigi kwa raha. Anapiga ili asisikie anachoambiwa.

Jesse anageuza banda la pale nyumbani kuwa sehemu ya kazi. Kazi aliyonayo ni kuichorea benki vipepeo. Vipepeo! Anavichukia, ila vinalipa. Siku chache tu ndani ya nyumba ile anaanza kusikia mnong'ono, chini chini kama mtu anayesali ukutani, na vipepeo vinaanza kufunikwa na kitu kingine. Nyuso za watoto. Moto. Watoto asiowajua, na baadaye mmoja anayemjua vizuri sana.

Hapo ndipo filamu inaponishika koo. Jesse akiingia kwenye lile turubai hatoki. Mikono imejaa rangi, kifua wazi, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, na Byrne anaunganisha brashi ya Jesse na anayoyafanya Ray kwingineko mpaka huwezi tena kutenganisha rangi na damu. Anapozinduka muda umekwenda, na Zooey amebaki shuleni akimsubiri. Mimi tukio lile la mtoto anayesubiri lilinitisha kuliko maiti zote za filamu hii.

Sasa hoja yangu. Tumezoea kusema hizi ni hadithi za kuuza roho. Angalieni vizuri: Jesse hauzi chochote. Hakuna mkataba, hakuna kutia sahihi kwa damu, sauti haimwombi lolote. Ray anaisikia sauti ile ile na yeye inamwagiza watoto. Jesse anapewa picha tu, bure. Mkataba wa kweli uko mjini, kwenye jumba la sanaa ambalo zamani lilimkataa na sasa, kwa kuwa picha zina watoto wanaoungua, linamtaka. Jumba lenyewe linaitwa Belial, jina la pepo. Hawakutaka hata kuficha.

Anayelipa si msanii. Analipa mtu wa pembeni yake. Nimezipitia filamu nyingi za kundi hili na karibu zote ziko hivyo. Shetani hachukui roho ya mchoraji, anachukua paka wa mama mwenye nyumba, mchumba, ombaomba wa mtaani, mtoto wa shule. Msanii anabaki na sifa.

Karibuni. Mnaopinga, njooni na mifano.

#2

Nimeweka kiti. Mwendelezo wa vipepeo nausubiri.

#3

Mkuu, umeandika vizuri ila umeipeleka mbali. Ile si filamu ya sanaa. Ni filamu ya baba. Mtoe Jesse kwenye uchoraji, mpe udereva wa lori au kazi ya kukesha hospitali, Zooey atasubiri vile vile pale shuleni. Hofu ya filamu ni mzazi anayesema "nakuja sasa hivi" huku anajua haji. Shetani amewekwa ili tuwe na moto mwishoni.

Na sauti za Ray ni ugonjwa. Mwanzoni mama yake anataja kumrudisha hospitali. Kwa hiyo ukisema "kitu kisichojulikana" unamsaidia mwongozaji kukwepa.

#4 (mwenye uzi)

Mkuu wa #3, la baba nakupa nusu. La lori nakataa. Dereva akichelewa kwa sababu ya kazi, kazi haimpi raha ya namna ile. Mtazame Jesse uso wake anapochora. Ni mtu mwenye furaha, pengine kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze. Dereva angekuwa na lawama peke yake. Jesse ana lawama na pia ana kitu ambacho hataki kukirudisha, na ndiyo maana analia akimwomba binti yake msamaha halafu kesho yake anarudi bandani. Kazi inayokupa raha huku inamla mtoto wako, hiyo ni habari nyingine kabisa.

La ugonjwa: ingekuwa ugonjwa tu, Jesse asingechora nyuso za watoto ambao Ray ndiye anawajua. Byrne amelifunga hilo makusudi. Lakini kubali kwamba filamu haimfanyi Ray zimwi tupu. Pruitt Taylor Vince anamcheza kama mtu aliyechoka, anayetaka kurudi nyumbani kwao. Anasimama mlangoni na gitaa kama mgeni aliyepotea njia. Ray na Jesse wanapigwa na kelele moja, mmoja anaizima kwa nyuzi, mwingine anaifungulia mlango kwa brashi. Mbaya zaidi nani? Sina jibu.

#5

Nyie mnaongelea ya juzi. Baba wa kundi hili ni A Bucket of Blood ya Roger Corman, 1959. Imetengenezwa kwa siku 5, bajeti dola 50,000, nyeusi na nyeupe, na inaisha baada ya saa moja na dakika chache. Mwandishi ni Charles B. Griffith.

Walter Paisley (Dick Miller) anafuta meza kwenye mkahawa wa washairi na wachoraji. Anawaabudu. Mshairi wao mkuu, Maxwell, anasoma shairi linalosema kwa ufupi kwamba asiye msanii si mtu, na Walter analikariri lote. Usiku yuko chumbani na bonge la udongo anajaribu kufinyanga uso wa msichana anayempenda. Udongo hautii. Anaupigia kelele, anauamuru uwe pua. Nilicheka mpaka nikanyamaza, kwa sababu kila aliyewahi kukaa mbele ya karatasi tupu ameshawahi kuipigia kelele.

Kisha paka wa mwenye nyumba ananasa ukutani. Walter anataka kumtoa kwa kisu, anamuua. Anampaka udongo, kisu kikiwa bado mwilini, anampeleka mkahawani. Watu wanaanguka miguuni pake: uhalisia wa ajabu, kila msuli uko mahali pake! Anayefuata ni askari kanzu, kwa kikaango. Kisha mwanamitindo aliyemtukana. Na kuendelea.

Lakini mtu ninayemchukia humo si Walter. Ni Leonard, mwenye mkahawa. Sanamu inapasuka kidogo, anaona manyoya, anajua. Yuko karibu kupiga simu polisi, mara anatokea mnunuzi anayetoa dola 500 kwa yule paka. Leonard anaiacha simu. Hapo hoja ya mwenye uzi imekaa sawasawa: shetani yuko upande wa mauzo.

#6

Mimi nachora kwa kula, kwa hiyo naomba nitoe yangu ya rohoni.

Filamu hizi zinaniudhi. Zinamfundisha mtazamaji kwamba kazi nzuri inashuka. Mtu analala, anasikia sauti, anaamka picha iko tayari. Wapi michoro mia ya majaribio? Wapi kufuta? Wapi kukaa saa tatu unatafuta kivuli cha pua na unakikosa? Huyo Jesse anachora turubai kubwa kuliko mlango bila hata kuchora mistari ya awali.

Na si filamu pekee. Watu wanapenda kuamini hivyo tangu zamani. Paganini akipiga fidla vizuri, wanasema shetani anamshikia upinde. Robert Johnson, yule wa blues wa Marekani, akipiga gitaa vizuri, wanasema alikwenda njia panda usiku kumuuzia shetani roho. Hakuna anayetaka kusema "alifanya mazoezi", kwa sababu hapo atajiuliza mbona mimi sikufanya.

#7 (mwenye uzi)

Mkuu wa #6, nimekusoma mara mbili na una haki ya kuudhika. Ila kuna mmoja umemwacha, naye anakuunga mkono: Giuseppe Tartini, mpiga fidla na mtunzi wa Italia. Alisimulia kwamba mwaka 1713 aliota amempa shetani roho yake, akamkabidhi fidla aone atafanya nini nayo, na shetani akapiga kitu ambacho hajawahi kusikia. Akaamka, akashika fidla yake, akajaribu kukirudisha. Alichokipata ni ile sonata inayojulikana kwa jina la shetani. Yeye mwenyewe alisema ndiyo bora aliyowahi kutunga, na bado iko chini sana ya ile ya ndotoni kiasi kwamba angeweza kuvunja fidla na kuacha muziki.

Unaona tofauti? Kwa Tartini, kilichotoka nje ni kikubwa, kilichobaki mkononi ni pungufu. Ndivyo kazi ilivyo, na wewe unajua kuliko mimi. Filamu zimegeuza: kinachotoka mkononi ni kikubwa kuliko mtu aliyekitoa. Mimi naona mgeuzo huo ndio unaotisha. Msanii anasimama mbele ya kazi yake mwenyewe na hawezi kusema ameifanyaje, kwa hiyo hawezi kuirudia bila kuirudia ile njia. Walter hana ufundi wa kurudi nao. Watu wakitaka sanamu ya pili, ana njia moja tu.

#8

Mwenye uzi, umeomba mfano wa kupinga. Chukua huu: Bliss ya Joe Begos, 2019.

Dezzy (Dora Madison) ni mchoraji wa Los Angeles. Turubai moja, haliendi. Wakala amemchoka, kodi inadaiwa, mwenye jumba la sanaa anauliza kazi iko wapi. Anakwenda kwa muuzaji wake wa dawa, anapewa unga unaoitwa Diablo, na kuanzia hapo ni usiku mmoja mrefu usiojulikana unaishia wapi. Anaamka picha imesogea mbele na hakumbuki kuigusa. Halafu inakuja kiu ya damu.

Ndiyo, anaua. Lakini anayekwisha ni yeye. Kadiri turubai linavyojaa, mwili wake unaharibika, mpaka mwisho picha imekamilika na mchoraji hayupo. Hapo bili imemfikia mwenyewe. Utasemaje?

Na muiangalie kwa sauti kubwa. Begos alitumia filamu ya milimita 16, chembechembe zinaonekana, taa nyekundu, kamera haitulii. Ukiwa na kichwa kinachouma usiiguse.

#9 (mwenye uzi)

Nakubali Bliss inanitia taabu. Ila hesabu maiti kabla ya ile ya Dezzy. Marafiki zake wanatangulia, yeye anafunga mahesabu. Nitarekebisha hivi: msanii akilipa, analipa wa mwisho. Hata Walter kwa Corman anaishia hivyo. Anasikia sauti za aliowaua zikimfuata njiani, anakimbilia chumbani kwake na kujinyonga, na wale waliomsifu wanamkuta ananing'inia na bado wanaitazama maiti kama sanamu.

#10

Swali la mtu wa kawaida: mbona nyingine zinatuonyesha picha yenyewe na nyingine zinaificha? Mimi nikishaonyeshwa mara nyingi hofu inaisha. Unaambiwa kazi ya kutisha kuliko zote duniani, kamera inazunguka, unaona mchoro wa kwenye fulana.

#11

Mkuu #10, nimewahi kushika kamera kwenye filamu fupi kadhaa, acha nikujibu.

Kuificha ni rahisi kwa mfuko. Unamwonyesha mtu anayetazama, uso wake unafanya kazi yote, hulipi mchoraji. Ila ukificha mpaka mwisho mtazamaji anajua umekwepa. Kuionyesha ni hatari unayoisema. Byrne amepita katikati: turubai tunaliona, lakini vipande vipande na katikati ya kazi, mkono unapita, rangi inatiririka, uso wa mtoto unajitokeza kabla haujakamilika. Picha ambayo haijaisha huwezi kuicheka.

Kwa Corman ni ujanja wa aina nyingine. Sanamu hazihitaji kuwa nzuri, kwa sababu wewe unajua kuna nini ndani. Wanaosifu hawajui. Bei ya hofu hapo ni udongo tu.

Halafu sauti. Watu wanadharau sauti. Mnong'ono wa The Devil's Candy na ile miungurumo ya bendi ya Sunn O))) inafanya kazi ambayo mazimwi ya kompyuta yasingeifanya. Sauti ndicho kifaa pekee ambacho maskini na tajiri wanaweza kukaribiana. Na mchoraji anakufaa kwa mengine pia: yuko chumba kimoja, yuko peke yake, ana sababu ya kuchafuka mwili mzima. Mwandishi wa vitabu anakaa mbele ya mashine, utamchukua picha gani? Mwongozaji asiye na pesa akitafuta msanii wa kumtesa, mchoraji atakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Tena kuna Stopmotion ya Robert Morgan, 2023. Humo msanii anatengeneza vikaragosi na kuvisogeza picha moja baada ya nyingine, mama yake ni bingwa wa kazi hiyo ambaye mikono imegoma, na kuna katoto ka kike kanakomletea hadithi na kumwambia udongo hautoshi, atumie nyama. Pale kazi inaonyeshwa yote, inasogea, na haichekeshi hata kidogo. Morgan mwenyewe ni mtu wa kazi hizo za vikaragosi, inaonekana.

#12

Mmemsahau Reno wa The Driller Killer, 1979. Abel Ferrara ameiongoza na kuicheza mwenyewe. Mchoraji wa New York, anachora nyati mkubwa asiyeisha, bendi ya panki inafanya mazoezi chini yake usiku na mchana, kodi haijalipwa. Anampelekea malalamiko mwenye nyumba, anapewa sungura aliyechunwa. Sungura! Baadaye mwenye jumba la sanaa anaitazama ile picha ya nyati na kuidharau. Reno anatoka na drili ya betri kuwafuata watu wanaolala nje.

Uingereza kanda yake iliingia kwenye orodha ya zile za kupigwa vita, na ilikuwa miongoni mwa zilizosukuma sheria ya kanda za video ya mwaka 1984. Wengi walioipinga waliona jalada tu, lile la drili kwenye paji la uso. Ukiitazama yenyewe, muda mwingi ni watu wanagombana kuhusu pesa.

Nayo inampa pointi mwenye uzi, kwa sababu wengi wanaokufa ni wale ambao Reno anaogopa kuwa kama wao.

#13

Hapo #12 umegusa kitu. Kumbe hawafi watu wa pembeni tu, wanakufa walio chini yake. Hakuna hata mmoja humu anayemrudia mwenye deni mapema. Walter hamgusi Leonard.

#14 (mwenye uzi)

Walter hamgusi Leonard, na Jesse anakwenda Belial kwa miguu yake. Hilo #13 sikuwa nimeliweka hivyo, nalichukua.

Ila Byrne anafanya jambo ambalo wengine hawakulifanya. Siku ya kikao kule Belial, Jesse anachelewa tena kumfuata Zooey, na Ray anapata nafasi yake. Kuanzia hapo filamu haimtaki tena mchoraji. Mwisho nyumba inawaka, ile picha ya moto imekuwa chumba cha binti yake, na Jesse anaingia motoni. Alichora kitu kile kile na sasa anatembea ndani yake kumtoa mtu. Zooey anatoka hai. Mkuu wa #3, hapo ndipo mimi na wewe tunakutana.

Wanaolalamika kwamba mwisho ni wa haraka wako sahihi, dakika kumi zaidi zisingeua mtu. Na dalili za kishetani zimezidi chumvi, jina la jumba la sanaa nimeshalisema.

#15

Sijaona hata moja. Nianze na ipi, mke wangu haogopi damu ila hapendi kelele?

#16 (mwenye uzi)

Anzeni na A Bucket of Blood. Ni fupi, mtacheka, na hakimiliki yake haina mwenyewe tena kule Marekani kwa hiyo haina shida kuipata. Ikimkolea, The Devil's Candy, mkiwa na rimoti karibu kwa ajili ya gitaa. Bliss itazame peke yako.